Neno "Raqim" na Watu wa Pango

Msomaji mpenzi, katika Sura Al-Kahf, ambayo ni sura ya 18 ya Kurani Tukufu na iliyoteremshwa Makka, Mwenyezi Mungu anataja habari ya vijana walioamini Mola wao, wakaudhiwa na watu wao kwa ajili ya imani hiyo, na wakakimbilia pangoni. Habari hiyo inaanza katika aya ya 10. (Mwenye msahafu ambao hauhesabu Bismillahi kuwa aya ya kwanza aitazame aya ya 9.) Hapo waumini hao wanaitwa watu wa Pango na wa Raqim. Pango kila mtu analijua. Lakini Raqim ni nini? Neno hilo limetajwa mara hiyo moja tu katika Kitabu chote, wala halikufuatiwa na maelezo.

Swali hili si dogo kama linavyoonekana. Mtu anayeuchunguza Uislamu, au ndugu aliyeingia karibuni, aghalabu hukutana na neno hili kwa njia mbili, na zote mbili zinaweza kumpoteza. Ya kwanza ni ya wapinzani, wanaosema kwamba Raqim ni neno lisilo na maana, lililoingia katika Kurani kwa kosa la kusoma maandishi ya watu wengine. Ya pili ni ya Waislamu wenyewe. Katika nchi nyingi majina ya watu wa Pango, pamoja na jina la mbwa wao, huandikwa katika hirizi ili kuzuia moto, wizi na maradhi, na wako waliosema kwamba Raqim ndilo jina la mbwa huyo. Hivyo wa kwanza wanalifanya Neno la Mungu kuwa kosa, na wa pili wanalifanya kuwa uganga. Basi yatupasa tulichunguze neno hili kwa utaratibu, tuone linatoka wapi na linatufundisha nini.

Sahaba mwanachuoni asema hajui

Hadhrat Abdullah bin Abbas r.a. alikuwa binamu wa Mtume Mtukufu Muhammad s.a.w., na Mtume s.a.w. alimwombea apewe ufahamu wa dini. Waislamu wote wanamheshimu kuwa mkuu wa wafasiri wa mwanzo. Hata hivyo imepokewa kwake kwamba aliijua Kurani yote isipokuwa maneno manne: ghislin, hanan, awwah na raqim. Katika mapokezi mengine anaeleza kuwa hakujua Raqim ni nini hata alipomwuliza Kaab, mwanachuoni wa Kiyahudi aliyesilimu, naye akamwambia kuwa ni mji walikotoka vijana wale.

Fikiri, ewe msomaji, juu ya ushahidi huu. Kama Waislamu wa kwanza wangekuwa watu wa kutunga, wangekuwa na jibu tayari kwa kila neno. Na kama wangekuwa watu wa kubadilisha Kitabu, neno zito namna hii wangeliondoa na kuweka jepesi mahali pake. Hawakufanya hivyo. Walilisoma katika sala kama walivyolisikia kinywani mwa Mtume s.a.w., wakaliandika kama walivyolisikia, na aliyeulizwa maana yake hakuona haya kusema hajui. Uaminifu huo ni dalili kubwa ya kuhifadhiwa kwa Kurani Tukufu.

Maneno mengine matatu aliyoyataja Ibn Abbas r.a. yalifafanuliwa baadaye na wanachuoni kwa kutazama mizizi yake na mahali yalipotumiwa. Awwah, kwa mfano, sifa aliyopewa Nabii Ibrahimu a.s. katika 9:114, ni mtu mwenye moyo laini, anayemlilia Mungu mara nyingi. Hanan katika 19:14 ni huruma. Njia hiyo hiyo tutaifuata kwa neno Raqim.

Maoni ya wafasiri wa zamani

Ukifungua tafsiri za zamani, hasa ile ya Imamu Tabari, utaona maoni mbalimbali, na yafaa uyajue yote:

1. Raqim ni bamba la jiwe au la risasi, ambalo liliandikwa majina ya vijana wale na habari zao, likawekwa mlangoni mwa pango. Hivi alisema Said bin Jubair, mwanafunzi wa Ibn Abbas r.a.

2. Raqim ni jina la bonde karibu na Ayla, upande wa Palestina.

3. Raqim ni jina la mji au kijiji chao.

4. Raqim ni jina la mbwa wao.

5. Watu wa Raqim ni watu wengine kabisa, nao ni wale wasafiri watatu wa katika Hadithi, ambao jiwe liliwafungia pangoni, kila mmoja akamwomba Mungu kwa tendo lake jema, na jiwe likasogea. Ndiyo maana mwanajiografia Al-Muqaddasi, aliyeandika katika karne ya 10, alipotaja kijiji kiitwacho Ar-Raqim, kiasi cha farsakh moja kutoka Amman, alisimulia hapo habari ya watu hao watatu.

Msomaji asifadhaishwe na wingi wa maoni haya. Hakuna hata moja ambalo wenyewe walidai kuwa ni sehemu ya imani. Ni jitihada za wanachuoni, na jitihada hupimwa. Kipimo cha kwanza ni lugha.

Mzizi wa neno

Katika Kiarabu neno hili lina herufi tatu za asili: ra, qaf na mim. Maana yake ya msingi ni kutia alama. Mtu akitia nukta na irabu katika maandishi ili yasomeke waziwazi, hutumia kitendo raqama. Mfumaji akitia nakshi katika nguo, nakshi hiyo ni raqm. Nyoka mwenye mabaka meusi na meupe huitwa arqam. Na mfanyabiashara akiandika bei juu ya nguo, alama hiyo nayo ni raqm.

Wewe unayesema Kiswahili umeshalitumia neno hili mara nyingi bila kujua. Unaposema "rakamu" au "tarakimu" za hesabu, unatamka mzizi huu huu wa ra, qaf na mim. Kwa hiyo neno linalodaiwa kuwa halina maana limo kinywani mwa mtoto wa shule anayejifunza kuhesabu.

Kiebrania, ndugu yake Kiarabu, kina mzizi huo pia. Katika kitabu cha Kutoka 26:36, pazia la mlango wa hema linatajwa kuwa kazi ya mtarizi, na mtarizi huyo kwa Kiebrania ni roqem. Katika Ezekieli 16:10 nguo yenye nakshi ni riqmah. Masihi Aliyeahidiwa a.s., katika kitabu chake Minanur Rahman alichokiandika mwaka 1895, aliwaelekeza watu kwenye utajiri wa mizizi ya Kiarabu na jinsi kila mzizi unavyobeba hekima yake. Neno letu ni mfano mmoja wa jambo hilo.

Kipimo cha pili ni Kurani yenyewe, kwani sehemu moja ya Kurani huifasiri nyingine. Mzizi huu umekuja tena katika sura ya 83, aya ya 10 na ya 21. Humo yanatajwa madaftari ya matendo, la waovu na la wema, na kila moja linaitwa kitabu marqum, yaani kitabu kilichoandikwa. Na wajuzi wa sarufi wanatuambia kwamba umbo la raqim mara nyingi huwa na maana moja na umbo la marqum, kama vile jarih ni sawa na majruh, ambaye sisi tunamwita majeruhi. Basi raqim ni kitu kilichoandikwa au kuchorwa. Lugha na Kurani zote mbili zinaunga mkono yale maoni ya kwanza, ya Said bin Jubair, kwamba Raqim ni maandishi.

Maoni ya bonde nayo yana mlango katika lugha, kwa kuwa raqma huitwa ukingo wa bonde au mahali yanapokusanyika maji bondeni. Lakini maoni ya mbwa hayana mlango wo wote. Mbwa anatajwa katika sura hii kwa jina lake la kawaida, kalb, wala hakupewa jina jingine. Mwenye kuvaa hirizi ya jina la mbwa anategemea kitu ambacho Mungu hakukitaja, na anaacha fundisho ambalo Mungu amelitaja.

Mji wa Petra

Wataalamu wa siku hizi wameongeza jambo jingine. Josephus, mwanahistoria wa Kiyahudi wa karne ya 1, aliandika kwamba mji wa Petra, ulio katika Yordani ya leo, uliitwa na wenyeji wake kwa jina la mfalme Rekemu wa Midiani, yule anayetajwa katika Hesabu 31:8. Mwaka 1964 yakapatikana karibu na mwingilio wa Petra maandishi ya Kinabataea yenye herufi za jina hilo, R-Q-M-W. Hivyo imethibitika kuwa palikuwa na mji wenye jina la namna hii katika nchi za kaskazini ya Arabuni, na pengine habari zake ndizo zilizowafanya wafasiri wengine waseme kuwa Raqim ni mji au bonde. Ugunduzi huo ni wa thamani. Lakini kuwako kwa mji wenye jina linalofanana hakuthibitishi kuwa ndio uliokusudiwa, na katika habari ya vijana wale Kurani haikutaja mji wao kwa jina.

Je, ni kosa la kusoma?

Sasa tuutazame upinzani. Charles Torrey, profesa wa Marekani wa nusu ya kwanza ya karne ya 20, alidai kwamba Raqim ni jina la Kaisari Decius lililosomwa vibaya. Alisema kuwa jina hilo likiandikwa kwa herufi za mraba za Kiebrania, herufi ya d hufanana na ya r, na ya s hufanana na m ya mwisho, na kwa hiyo "Dqis" likasomwa "Rqim". Dai hili hurudiwa mara kwa mara, na mwenye kulisikia kwa mara ya kwanza huweza kuona ni hoja kubwa. Lipime kwa mambo matatu.

Kwanza, dai hili linahitaji karatasi ya Kiebrania mezani, na msomaji aliyekosea kuisoma. Mtume s.a.w. hakujua kusoma wala kuandika, na Kurani ilipokewa na kufundishwa kwa sauti. Mtu husikia jina kwa sikio, na kwa sikio "Decius" na "Raqim" hayafanani hata kidogo.

Pili, hadithi ya Wakristo juu ya vijana waliolala katika pango la Efeso ilienea mashariki kwa Kisiryani, lugha ya Wakristo wa Sham. Yakobo wa Serugh, aliyekufa mwaka 521, aliisimulia kwa lugha hiyo. Maandiko ya Kisiryani yana herufi zake yenyewe, ambazo s na m hazifanani kama zinavyofanana katika Kiebrania. Zaidi ya hayo, hadithi hiyo ya Kisiryani yenyewe inataja mabamba ya risasi yaliyoandikwa majina ya vijana hao na kuwekwa pangoni. Basi hata katika masimulizi ya Wakristo, maandishi yamo pamoja na pango.

Tatu, tazama maana. Watu wa Pango ni watu waliojificha humo. Lakini ni nani atakayewaita waumini "watu wa Decius", naye ndiye aliyewatesa? Tafsiri hiyo ingewanasibisha wanaodhulumiwa na dhalimu wao. Mtu akiacha maana iliyo wazi katika lugha, na inayoshuhudiwa na aya nyingine, akashika kosa la kubuni lisilopatana na maneno yenyewe, elimu haijamwongoza.

Mapango ya Roma yatoa ushahidi

Kipimo cha tatu ni historia. Ni watu gani waliomwamini Mungu, wakateswa na dola ya kipagani, na habari zao zikahifadhiwa kwa pango pamoja na maandishi? Hadhrat Mirza Bashiruddin Mahmud Ahmad, Khalifatul Masih II r.a., katika Tafsiri yake Kabir, alieleza kwamba watu wa Pango na Raqim ni Wakristo wa karne za mwanzo, wafuasi wa Nabii Isa a.s., na alielekeza kwenye mapango yaliyo chini ya ardhi mjini Roma.

Mapango hayo yalichimbwa katika mwamba laini nje ya kuta za mji. Njia zake nyembamba, zikiunganishwa, zinapita kilometa 100. Kazi yake kubwa ilikuwa kuzikia maiti, na humo waumini walikutana kuwakumbuka wafu wao. Mwaka 250 Kaisari Decius aliamuru watu wa dola yake watoe kafara kwa miungu, na waliokataa wakafungwa na wengine wakauawa. Mwaka 257 Kaisari Valerian alikataza Wakristo wasikutane wala wasiingie katika makaburi yao. Mwaka uliofuata Sixtus II, askofu wa Roma, aliuawa huko huko makaburini. Amri ya kukataza watu wasiingie makaburini inaonyesha wazi kwamba ndiko walikokuwa wakikusanyika. Mateso yalikoma kwa amri za mwaka 311 na 313.

Baadaye mapango mengi yalisahauliwa. Mwaka 1578 wafanya kazi waliokuwa wakichimba karibu na barabara ya Salaria waliangukia moja, na watu wakaanza kuyachunguza. Lakini mtu aliyeyafunua kwa elimu ni Giovanni Battista de Rossi, Mwitalia, aliyezaliwa mwaka 1822 na kufa mwaka 1894. Mwaka 1849 aliona katika shamba la mizabibu, kando ya barabara ya Appia, kipande cha jiwe la marumaru kilichovunjika. Kilikuwa na mwisho wa jina, "-NELIUS", na neno la kuonyesha kuwa mtu huyo alikufa shahidi. De Rossi alikisia kuwa ni Cornelius, askofu wa Roma aliyekufa mwaka 253, na kwamba kaburi lake liko karibu. Mwaka 1852, walipochimba, walilikuta kaburi, na kipande cha pili cha jiwe kikalingana na cha kwanza, jina likatimia.

Tazama, ndugu, jinsi maandishi yalivyolifungua pango. Pango lisilo na maandishi ni shimo tupu, hatuwezi kujua aliyekaa humo wala alichoamini. Maandishi kwa maelfu, ya Kiyunani na ya Kilatini, yaliyochongwa juu ya makaburi hayo ndiyo yaliyowatambulisha watu wake. Kwa hiyo Kurani Tukufu ilipounganisha Pango na Raqim katika sifa moja, ilitaja alama mbili ambazo kwazo waumini hao wanajulikana hata leo. Na haya yalisemwa Makka wakati ambapo hakuna mtu wa Makka aliyeweza kwenda kuyasoma mawe ya Roma.

Kuna jambo jingine la kuzingatia katika michoro ya mapango hayo. Waumini wa karne ya 3 walichora nanga, hua, samaki na mchungaji, na mara nyingi sana walichora habari ya Nabii Yunus a.s. Lakini picha ya Isa a.s. akiwa ametundikwa msalabani hutaikuta katika michoro yao ya karne hiyo. Nabii Isa a.s., kama ilivyo katika Matayo 12:39-40, aliahidi ishara ya Yunus. Na Yunus a.s. aliingia tumboni mwa samaki akiwa hai, akakaa humo akiwa hai, na akatoka akiwa hai. Mwenye kutafuta ukweli na atafakari kwa nini watu waliokuwa karibu zaidi na siku za Isa a.s. walipenda ishara hii.

Tunajifunza nini?

Kwanza, tukikutana na neno gumu katika Kurani Tukufu tusikimbilie kukata tamaa wala kubuni. Tuulize mzizi wake katika lugha, tutazame Kurani imelitumiaje mahali pengine, kisha tuangalie historia. Jumuiya yetu inafuata njia hiyo hiyo katika neno tawaffa na maneno mengine ambayo watu wameyabishania.

Pili, kusema "sijui" ni sehemu ya elimu. Wewe uliyesilimu karibuni, ukiulizwa na jamaa zako jambo usilolijua, usione aibu. Ibn Abbas r.a. alikutangulia.

Tatu, Mtume s.a.w. alifundisha kwamba mwenye kuhifadhi aya kumi za mwanzo wa Sura Al-Kahf atalindwa na fitina ya Dajjal, na neno Raqim limo katika aya hizo. Ulinzi huo hauko katika kuziandika na kuzifunga mkononi. Uko katika kuzifahamu, ili ujue wafuasi wa kweli wa Isa a.s. walikuwa watu gani na walivumilia nini.

Nne, kumbuka kuwa Waislamu wa kwanza nao walikuwa na pango lao. Aya hizi ziliposhuka Makka, walikuwa wakiteswa, na kwa muda walikutana kwa siri katika nyumba ya kijana mmoja ili wasali na kujifunza dini. Kijana huyo aliitwa Arqam r.a., jina litokalo katika mzizi ule ule wa Raqim. Mola aliyewaangalia vijana wa pangoni aliwaangalia na wale wa nyumba ya Arqam, akawatoa katika udhaifu na kuwapa nguvu.

Basi na wewe, ikiwa umeikubali haki na watu wako wamekutenga, usiogope. Matendo yako yanaandikwa katika kitabu marqum, na hakuna jiwe litakalolivunja jina lako humo. Mwenyezi Mungu atujaalie kuifahamu Kurani Tukufu na kuifuata, na atuandike pamoja na waaminifu. Amin.